Tunda Lililosifiwa Mpaka Likaoza

Jinsi Mwasiti alivyofika Donzoni si habari. Miguu ilitembea, ikafika. Habari ni aliyoyakuta huko, na mwenye mtoto mdogo ndiye hasa inayemhusu.

Alikwenda kutafuta tunda. Kwao, zamani, nyuma ya kila jiko palikuwa na mdonzo, mti mfupi wenye matunda ya kahawia na nyama chachu. Mtoto akiharisha, bibi yake alichuma donzo bivu, akaliponda katika maji yaliyochemshwa na kupoa, akatia chumvi kidogo, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Mtoto akarudisha nguvu. Hiyo ndiyo kazi donzo liliyoijua, na liliifanya vizuri. Kisha watu wa kwao wakaikata midonzo yote wapate nafasi ya vibanda vya kuuzia soda, na masika yaliyofuata watoto wakaharisha, na wengine wakazikwa. Mwasiti alikuwa na stashahada ya kilimo na binti mmoja, Mishi, na hakuona faida ya kukaa kitako akilaumu. Akabeba gunia tupu begani, akamshika binti mkono, wakaenda katika nchi iliyosemekana kuwa na mdonzo kila ua.

Midonzo waliikuta. Lakini kabla ya midonzo waliliona donzo la saruji, limesimama uwanjani kubwa kuliko nyumba, lina ngazi za kupandia mpaka kileleni, na kila asubuhi linapakwa mafuta ya nazi ling'ae. Na kabla hawajaacha kulishangaa, wakawaona watu waliopinda.

Hapakuwa na vita iliyosimuliwa, wala ajali. Ila huyu mkono wake ulitazama nyuma, na yule mguu wake ulikwenda upande wakati mwenyewe anakwenda mbele. Fundi cherehani alikuwa ametundika barazani mashati yenye mikono iliyokatwa kwa kupinda. Seremala wa jirani yake aliuza vigoda vyenye mguu mmoja mfupi, kwa wateja waliopinda nyonga. Wenyeji hawakutazamana mara mbili.

Mwenyeji wao alikuwa mama mmoja anaitwa Kidawa, ana mtoto mchanga mgongoni, Shaame, na mkono wake mwenyewe wa kushoto umekunjika kama mundu. Alisonga ugali kwa mkono wa kulia huku sufuria ameibana kwa magoti, na aliifanya kazi hiyo upesi, kama mtu asiyekumbuka kwamba kuna njia nyingine.

"Donzo linatibu nini hapa kwenu?" Mwasiti akamuuliza walipokuwa wakila.

Kidawa akacheka. "Ungeuliza halitibu nini, dada. Jibu lingekuwa fupi."

"Haya, halitibu nini?"

"Hakuna." Akaanza kutaja kwa sauti ya mtoto wa chuoni anayesoma asichokielewa: homa, upofu, ukoma, mifupa, kifafa, wivu wa mke mwenza, deni, ndoto mbaya. "Na mwaka jana Baraza limeongeza ukame."

"Ukame? Mnamnywesha nani, udongo?"

"Mkuu wa Wasifu alikunywa kwa niaba ya mashamba."

"Mvua ikanyesha?"

"Inakuja."

Mwasiti alimeza tonge lake. "Na mtoto akiharisha je? Hukulitaja hilo."

Kidawa akageuka kutazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Shoga yangu, neno hilo hapa halisemwi kwa nguvu. Lilifutwa."

Sheria ya nchi ile ilikuwa hivi. Palikuwa na Baraza la Sifa, na wajumbe wake waliitwa Wasifu. Kila mavuno walikutana kuongeza ugonjwa mmoja katika yale yanayotibiwa na donzo. Msifu aliyeongeza ugonjwa alipanda cheo. Asiyeongeza alibaki chini akipaka mafuta lile sanamu. Kwa hiyo waliongeza. Katika historia yote ya Baraza ni Msifu mmoja tu aliyepanda cheo kwa kupunguza. Alisimama akauliza, tunda linaloponya ukoma na ukame, litatajwaje pamoja na mambo ya chooni? Wakaona haya. Wakaliondoa lile la kuharisha, ambalo ndilo pekee lililokuwa kweli, na mlezi aliyelitaja baada ya hapo alihesabiwa mtu asiye na adabu.

Sheria ya pili ilihusu kupona. Donzoni kila aliyekula donzo alikuwa amepona, ila kupona kuliwekwa madaraja. Aliyeinuka akaenda zake alikuwa amepona. Aliyebaki kilema, kipofu au na maumivu yake alikuwa amepona kwa namna yake. Na aliyekufa alikuwa amepona moja kwa moja. Kwa hesabu hiyo Donzoni hapakuwa na mgonjwa, na Wasifu walilitangaza jambo hilo kila Ijumaa uwanjani, mbele ya umati uliojiegemeza kwenye magongo.

"Na wewe huo mkono?" Mwasiti akauliza.

"Nilivunjika kisimani, nikiwa mdogo kama Mishi. Nimepona kwa namna yangu."

"Hukupona, Kidawa. Uliachwa."

Kidawa aliinuka akaanza kukusanya vyombo, kimoja kimoja.

Basi Mwasiti alikaa siku chache akichuma madonzo mabivu uani kwa Kidawa na kuyajaza katika gunia lake, na angeondoka zake na hasira yake kama si Mishi. Mtoto ni mtoto. Alipanda zile ngazi za donzo la saruji apate kuona mji kutoka juu, akakanyaga mafuta ya nazi ya asubuhi, akaja chini. Mwasiti alimkuta amekaa chini, hajalia bado, akiutazama mkono wake wa kulia. Katikati ya kiwiko na kiganja, pale ambapo mkono hauna kiungo, palikuwa na kona.

Msifu wa zamu alifika mbio. Aliitwa Makame, kijana wa kanzu iliyopigwa pasi, ambaye hajaongeza ugonjwa wowote na kwa hiyo chupa ya mafuta ya nazi ilikuwa bado kwapani mwake. Alipasua donzo, akalikamulia juu ya mkono uliovunjika, akamtia Mishi kipande kinywani, akasimama wima.

"Amepona kwa namna yake," akatangaza.

"Amepona nini?" Mwasiti akasema. "Mfupa umekatika. Unauona. Niletee vijiti viwili vilivyonyooka na kitambaa, kisha niitie mtu anayejua kuunga mifupa."

"Mama, usilitukane tunda."

"Tunda sijalisema. Nakusema wewe."

"Sheria ni moja," Makame akasema. "Hakitawekwa juu ya maradhi kitu chochote kisicho donzo. Ukiweka, tutakiondoa, na wewe utasimama barazani. Mtoto atazoea. Wote wanazoea."

Nyumbani kwa Kidawa, Mishi akaanza kulia sawasawa. Mwasiti aliupapasa ule mkono kwa ncha za vidole. Ngozi haikupasuka, vidole vilikuwa vya moto na vilicheza. Mfupa ukinyooshwa sasa utashika sawa. Ukiachwa utashika hivyo hivyo ulivyo, na mtoto wa mkono wa kulia atashika kalamu kwa namna yake, atasuka nywele kwa namna yake, atamshika mwanawe kwa namna yake.

"Nipe ubao," akamwambia Kidawa. "Mwiko, mpini wa ufagio, chochote."

"Wataung'oa, dada. Mimi mama yangu alinifunga kwa vipande vya mbao. Wakaja watu wanne, wakavitoa, wakavichoma moto mbele yangu. Mfupa ulikuwa umeanza kushika." Kidawa alisema haya bila kulia, akimtikisa Shaame mgongoni. "Walichosema kilikuwa hicho hicho. Kitu kisicho donzo."

Mwasiti akatazama nje. Uani, mdonzo ulikuwa umesimama na matawi yake mafupi yaliyonyooka kama vijiti vya mishikaki.

"Kisicho donzo," akasema. "Haya."

Alitoka, akakata matawi manne, akayamenya. Maganda yake yalitoka marefu na laini kama kamba. Akamwambia Kidawa amshike Mishi mabegani na asimwachie hata akitukanwa. Akaushika mkono juu na chini, akauvuta taratibu. Mishi alipiga ukelele uliowaleta majirani. Kona ikaondoka. Mwasiti akatandika pamba, akayapanga yale matawi yawe mabanzi pande zote, akayafunga kwa maganda ya mdonzo, si ya kukaza sana wala ya kulegea, akamning'inizia mtoto mkono shingoni kwa kanga. Kisha akaenda nyuma ya jiko akatapika, akarudi amenawa uso.

Kesho yake waliitwa barazani. Mkuu wa Wasifu alikuwa mzee mnene aliyetibiwa kikohozi na donzo miaka mingi iliyopita. Alikohoa mfululizo, na kila alipokohoa baraza zima likaitikia, "Afya!" Wakashukuru, wakaendelea.

Makame akaeleza shitaka. Mgeni ameweka juu ya maradhi kitu kisicho donzo.

"Ni kitu gani?" Mkuu akauliza.

"Miti, Mkuu."

"Miti gani?" Mwasiti akaingilia. "Sema na jina lake, usione haya. Itazame. Inuse. Njoo uing'oe mwenyewe, ukishang'oa uwaambie hawa watu wote kwamba mdonzo ni uchafu usiofaa kumgusa mgonjwa. Nakusubiri."

Makame alinyoosha mkono, akaurudisha.

Wasifu wakaanza kujadiliana, na mjadala ukawa mrefu. Mmoja akasema tawi si tunda, kwa sababu tunda linaliwa. Mwenzake akamjibu kwamba tunda halining'inii hewani. Kama tawi lina ubaya basi tunda limenyonya ubaya tangu lilipokuwa ua, na je, mwenzetu ndivyo anavyotaka kusema? Mwenzetu akasema hakusema hivyo. Mwingine akauliza kama tawi ni baba wa tunda au mjomba wake. Hapo waligombana mpaka kofia zikaanguka. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza Mishi kama anaumwa.

Makame ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Aliona upepo unakoelekea, akarukia mbele.

"Mkuu! Nilipomleta mgeni huyu hapa sikuleta shitaka, nimeleta sifa mpya. Tazameni mkono huu! Jana ulikuwa na kona, leo umenyooka. Tawi ni mama wa tunda, na mama hashindwi na mwanawe. Kilichoponya ni utomvu wa tawi!"

"Afya!" baraza likaitikia, ingawa Mkuu hakukohoa.

Mwasiti alisimama. "Si utomvu! Mmesikia? Si mdonzo hata kidogo! Ni kunyooshwa na kushikwa pasipo kutikisika! Hata mpini wa ufagio ungefaa! Tunda hili lina kazi moja, watoto wanaoharisha, na mmeifuta kazi yake mkalibandika kazi zisizo zake!"

Walimpigia makofi. Walidhani amezidiwa na furaha. Makame akapandishwa cheo palepale, chupa ya mafuta akapewa mwingine.

Mfupa una wakati wake, na Mwasiti hakutaka kumtikisa mtoto njiani. Akabaki Donzoni mpaka ushike, na kwa kubaki akaona mwisho wa mambo.

Sifa ya tawi ilishuka nchini kama nzige. Mwenye kuumwa kichwa alifungwa matawi kichwani, akaonekana kama kiota kinachotembea. Mwenye jipu alifungwa juu ya jipu. Mwenye pumu alifungwa kifua, na alipozidi kukosa pumzi wakakaza. Aliyevunjika mguu alifungwa tawi shingoni, kwa kuwa Makame sasa alifundisha kwamba utomvu unashuka wenyewe. Mwasiti alizunguka mitaani akieleza mpaka sauti ikakauka. Mwanamke mmoja alimsikiliza kwa heshima zote, akamwambia, "Ahsante, mama uliyetuletea tawi." Mwasiti akaona bora angepigwa kofi.

Na midonzo ikaisha. Ilikatwa matawi, ikakatwa mashina, ikabaki visiki. Matunda, mabivu kwa mabichi, yaliachwa chini yakichacha, nyigu juu yake, kwa maana Baraza liliamua kwamba mtoto hatangulii mbele ya mama yake: tawi likiwapo, tunda lisiguswe. Waliosifu tunda kuliko kitu chochote duniani sasa walilikanyaga wakienda sokoni. Kizuri chajiuza, wahenga walisema. Watu hawa walikitembeza mpaka kikafa njiani.

Mvua ya kwanza ikanyesha, maji ya kisima yakageuka rangi, na Shaame akaanza kuharisha.

Kidawa hakusema. Hakuwa na neno la kusemea. Alimpeleka kwa Wasifu alfajiri, akarudi naye jua limepanda, amemfunga tawi tumboni kwa maganda yaliyokazwa. Mwasiti alimwangalia mtoto mara moja. Macho yamezama. Mdomo mkavu. Utosi umebonyea kama unga uliobonyezwa kwa kidole. Alilia bila machozi, sauti ya paka.

"Mara ngapi tangu jana?"

"Mara ngapi nini?"

"Kidawa! Anaharisha mara ngapi?"

Kidawa alitazama mlangoni, kwa mazoea. Kisha akamtazama mwanawe. "Sijui. Nimeacha kuhesabu. Hakojoi tena, dada. Tangu jana jioni hajakojoa."

"Mfungue hilo tawi."

"Makame amesema nikilifungua..."

"Makame ana mtoto?"

Kidawa alitafuta fundo kwa mkono wake mmoja mzima, akashindwa, akainama akalikata kwa meno.

Mwasiti alibandika maji. Akavuta gunia lake kutoka uvunguni, akamwaga madonzo sakafuni. Mengine yalikuwa yameharibika, akachagua yaliyo mazima. Akaponda, akachuja kwa kitambaa safi, akatia chumvi ya ncha za vidole. Mishi akampakata Shaame. Mabanzi yalikuwa yametoka juzi, na mkono wake ulikuwa mwembamba, umechujuka, umenyooka. Mwasiti akatia kijiko. Mtoto akatema. Akangoja, akatia tena, matone tu. Mtoto akameza. Kidawa aliendelea kumnyonyesha kati ya vijiko. Hivyo hivyo, kijiko na kungoja, kijiko na kungoja, bila dua za kelele wala sifa, mpaka kivuli cha kisiki cha mdonzo kikahama upande wa pili wa ua.

Majirani walikuja kuchungulia juu ya ugo, kina mama wengi na watoto wao migongoni, kwa kuwa habari ya gunia ilikuwa imetoka. Na kwa kuwa ilikuwa imetoka, Makame naye akaja, kanzu mpya, watu wawili nyuma yake.

"Nani ameruhusu tunda?" akauliza. "Mtoto huyu alifungwa tawi leo asubuhi kwa mkono wangu. Nani amelifungua?"

Hapo Mishi akaruka.

"Mama! Nimelowa!"

Shaame alikuwa amekojoa, mkojo mwingi wa moto, ukapita kwenye gauni la Mishi, ukachuruzika mkononi, ukadondoka chini. Mwasiti aliketi palepale alipokuwa. Kidawa akaweka kiganja juu ya utosi wa mwanawe na hakukiondoa.

Makame akageukia ugo, akainua mikono. "Mnaona? Mnaona wenyewe! Tawi limemponya!"

Tawi lilikuwa sakafuni karibu na mlango, na maganda yake yaliyotafunwa. Mwasiti alifungua kinywa, lakini Kidawa alikuwa amekwishainuka. Aliliokota. Akalitazama kidogo, kisha akaenda jikoni, akalisokomeza chini ya sufuria katikati ya mafiga, akapuliza mpaka likashika moto.

"Maji yamepungua," akasema. "Dada Mwasiti, niletee donzo jingine. Na mbegu usitupe, nitazipanda."

"Umechoma nini wewe?" Makame akapiga kelele. "Unajua umechoma nini? Utasimama barazani!"

"Nitasimama," Kidawa akasema bila kugeuka. "Mimi miguu yangu ni mizima."

Moto ulivuma. Juu ya ugo, mama mmoja aliyefahamika kwa kila mtu pale, na ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema neno lisilo na adabu mbele za watu, alimshusha mwanawe kutoka mgongoni, akamnyanyua juu ili aonekane.

"Na wangu anaharisha," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani. "Nimwingizie wapi?"